Jina lililokwanguliwa tarehe 29 Desemba: namna ya kukisoma kitabu cha sala cha Mwingereza wa karne ya 15

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Nilipokuwa natafuta picha za kuwaonyesha wanafunzi, nilikuta kwenye tovuti ya maktaba moja ya Uingereza kitabu kidogo cha sala cha karne ya 15, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Maelezo yake ni mafupi mno: "Kitabu cha Saa, desturi ya Sarum, kimetengenezwa Bruges." Kwenye kalenda, mwezi Desemba, kuna jina limekwanguliwa hadi ngozi ikachubuka. Wataalamu wanajuaje kwamba kitabu kilichotengenezwa katika Ubelgiji ya leo kilikuwa cha Mwingereza? Na huyo aliyekwangua jina, tuseme alikuwa ameacha Ukatoliki?

Jibu: Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Kama mstari uliokwanguliwa ni wa tarehe 29 Desemba, jina lililokuwapo ni la Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, aliyeuawa ndani ya kanisa lake kuu siku hiyo mwaka 1170 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1173. Mkono uliolikwangua haukutuachia imani ya mtu pale. Ulichotuachia ni ushahidi kwamba mwaka 1538, au muda fulani baada yake, kitabu kilikuwa Uingereza na aliyekishika aliijua amri ya mfalme Henry VIII ya kulifuta jina hilo vitabuni. Imani yake itabidi tuitafute katika namna kisu kilivyopita, na zaidi katika mahali ambapo hakikupita kabisa.

Lakini kwanza tukijue kitabu chenyewe. Kitabu cha Saa kilikuwa kitabu cha sala cha walei. Wamonaki na mapadre walikuwa na vipindi vyao vya sala mchana na usiku, na walei waliojua kusoma walitaka kusali kwa mpangilio huohuo, ila kwa ufupi. Wakatengenezewa kitabu ambacho moyo wake ni Saa za Bikira Maria, vipindi 8: Matutini ya usiku, Masifu ya Asubuhi, Prima, Tersia, Seksta, Nona, Masifu ya Jioni, na Kompleta ya kabla ya kulala. Msomaji wa Kiswahili anaielewa hesabu hii haraka kuliko Mwingereza wa leo. Prima maana yake saa ya kwanza, nayo ni saa moja asubuhi yetu. Tersia ni saa tatu. Seksta ni saa sita mchana. Nona ni saa tisa. Siku inahesabiwa tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi.

Kitabu cha namna hii cha kale zaidi kinachojulikana kutengenezwa Uingereza kikiwa kitabu cha peke yake ni kile cha William de Brailes, mpambaji wa vitabu wa Oxford, cha karibu mwaka 1240. Kufikia karne ya 15 kilikuwa ndicho kitabu ambacho familia yenye uwezo, hata ya mfanyabiashara wa kawaida wa mjini, iliweza kuwa nacho ingawa haina kingine. Mpangilio hubadilika kidogo, ila kwa kawaida utakuta kalenda mwanzoni, kisha Saa za Bikira Maria, Zaburi 7 za toba, litania ya watakatifu, sala za kuwaombea marehemu, na nyuma yake sala nyingine alizopenda mnunuzi. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi Zaburi za toba, angalia hesabu: Biblia ya Kilatini iko nyuma kwa namba moja sehemu kubwa ya kitabu cha Zaburi. Zaburi ya 51 katika Biblia ya Kiswahili, "Unirehemu, Ee Mungu", pale ni ya 50. Wengi hupotea hapo wakidhani mnakili amekosea.

Sasa, "Sarum". Ni jina la Kilatini la Salisbury, mji wa kusini mwa Uingereza. Kabla ya karne ya 16 Kanisa la Magharibi halikuwa na maneno yaleyale ya sala kila mahali. Jimbo lilikuwa na desturi yake. Desturi ya Salisbury ilienea hadi ikashika sehemu kubwa ya Uingereza, huku York na Hereford zikibaki na zao. Kwa hiyo anapoandika "desturi ya Sarum", mwandishi wa katalogi anasema tu kwamba maneno yaliyomo ni yale aliyoyazoea Mwingereza. Hasemi kitabu kiliandikwa wapi, wala kwamba mwenye nacho aliishi Salisbury. Desturi ya sala, mahali pa kazi na mtu aliyekimiliki ni mambo matatu, na kila moja lina ushahidi wake.

Desturi unaweza kuitambua hata bila Kilatini, kwa kutazama picha. Katika vitabu vya Ufaransa, kila kipindi cha Bikira Maria hufunguliwa kwa picha ya utoto wa Yesu: Malaika anampasha Maria habari, Maria anamtembelea Elisabeti, Yesu anazaliwa, wachungaji, Mamajusi, na kuendelea. Katika vitabu vya soko la Uingereza mara nyingi utaona Mateso badala yake: Yesu anakamatwa bustanini kwenye Matutini, anasimama mbele ya Pilato kwenye Prima, anapigwa mijeledi kwenye Tersia, anabeba msalaba kwenye Seksta, anasulubiwa kwenye Nona, anashushwa msalabani kwenye Masifu ya Jioni, anazikwa kwenye Kompleta. Sababu ni ya kimpangilio. Waingereza walikuwa na sala fupi za Saa za Msalaba, na badala ya kuziweka mahali pake peke yake waliziingiza katikati ya Saa za Bikira Maria, ubeti mmoja mwishoni mwa kila kipindi. Picha zikafuata beti hizo. Ukikuta mwishoni mwa Prima maneno *Hora prima ductus est Iesus ad Pilatum*, yaani saa ya kwanza Yesu alipelekwa kwa Pilato, uko kwenye mpangilio wa Kiingereza.

Kwa uhakika zaidi kuna kipimo cha maneno, ambacho wataalamu wamekitumia tangu mwanzo wa karne ya 20. Hutazami zaburi, maana hizo hazitofautishi sana. Unatazama antifona (sentensi fupi inayoizunguka zaburi, kabla na baada yake) na somo fupi katika vipindi viwili tu, Prima na Nona. Tafuta Prima (mara nyingi imetangulizwa na neno lenyewe kwa wino mwekundu, *Ad primam*), pita ombi la kufungulia *Deus in adiutorium meum intende*, pita utenzi, kisha tafuta alama *a'* au *ant*, ndiyo antifona, na mbele yake *cap*, ndilo somo fupi. Sarum ina *O admirabile commercium* na *In omnibus requiem* kwenye Prima, halafu *Germinavit radix* na *Et radicavi* kwenye Nona. Desturi ya Roma ina *Assumpta est* na *Que est ista* kwenye Prima, *Pulchra es* na *In plateis* kwenye Nona. Paris ina *Benedicta tu* na *Felix namque*, kisha *Sicut lilium* na *Per te dei*. Makosa hutokea kwa namna mbili. Kwanza, kabla ya zaburi antifona huandikwa neno moja au mawili tu, na huja nzima baada ya zaburi. Kwa hiyo usiishie kwenye kipande cha mwanzo. Pili, mnakili hufupisha maneno: mstari mdogo juu ya herufi ni *m* au *n* iliyoachwa, na *oibus* yenye mstari juu ni *omnibus*. Usipolijua hilo utalipita somo la Prima huku unalitazama.

Kalenda inaongeza ushahidi, ila isomwe kwa tahadhari. Kila siku ina mstari wake. Safu ya kwanza ni namba za Kirumi za kutafutia mwezi mwandamo, na siku nyingine hazina. Ya pili ni herufi za juma, A mpaka g, zinazojirudia. Inafuata tarehe ya Kirumi inayohesabiwa kurudi nyuma. Mwisho jina la sikukuu. Sikukuu kubwa huandikwa kwa wino mwekundu, za kawaida kwa mweusi. Uingereza hujitambulisha kwa watakatifu wake: Cuthbert tarehe 20 Machi, George 23 Aprili, Dunstan 19 Mei, Augustino wa Canterbury 26 Mei, Alban 22 Juni, Swithun 15 Julai, Edward Mwungamaji 13 Oktoba, mfalme Edmund 20 Novemba. Kuna pia majina yanayosaidia kukadiria umri wa kitabu. Sikukuu za David (1 Machi), Chad (2 Machi) na Winifred (3 Novemba) zilipandishwa hadhi mwaka 1415. Osmund, askofu wa Salisbury, alitangazwa mtakatifu mwaka 1457. Ukimkuta Osmund kwa mwandiko wa mnakili mwenyewe, kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Lakini asipokuwapo hujapata kitu, kwa sababu wanakili waliendelea kunakili kalenda za zamani kwa miaka mingi bila kuzirekebisha.

Tuingie Bruges. Mji ule ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya sufu na nguo kati ya Uingereza na bara, na warsha zake za vitabu ziliwajua wateja wao Waingereza. Vimebaki vitabu vingi vya Saa vya Sarum vilivyotengenezwa huko. Vingine vilitengenezwa Rouen, Ufaransa, hasa Waingereza walipoutawala mji ule kuanzia 1419 hadi 1449, na vichache Paris. Kazi ya Bruges ilikaribia kuwa ya kiwandani: maandishi yaliandikwa kwenye mafungu yake, na picha kubwa zilichorwa kando, kwenye majani ya peke yake, kisha zikachomekwa. Katika miaka ya 1420 mamlaka za mji zilitoa kanuni kwamba picha za majani ya peke yake ziwe na muhuri wa mchoraji, maana biashara yake ilikuwa kubwa na ushindani ulikuwa mkali.

Jambo hilo unaweza kuliona mwenyewe kwenye picha ulizonazo. Ngozi ilikunjwa katikati na kupangwa kwa mafungu, kwa kawaida majani 8 kwa fungu, yaani ngozi 4 zilizokunjwa na kuingizana, kila jani likiwa na kurasa 2. Fungua picha moja moja ukitafuta uzi wa mjalidi katikati ya bonde la kitabu. Hapo ndipo katikati ya fungu, jani la 4 na la 5. Hesabu majani kutoka uzi hadi uzi. Ukipata 9 badala ya 8, kuna jani limechomekwa, na mara nyingi ndilo lenye picha. Upande wa pili wa jani hilo utakuwa mweupe, halina maandishi, na wakati mwingine hata mistari ya kuongozea mwandiko haipo. Ukipata 7, jani limekatwa. Tafuta kijipande cha ngozi kilichosalia karibu na mshono, au angalia kama sentensi inaruka. Majani mengi ya picha yalikatwa na wakusanyaji wa karne ya 18 na 19 ili yatundikwe ukutani au yauzwe moja moja. Uharibifu huo tusiwasingizie watu wa mageuzi ya dini.

Urembo wa pambizo nao husema. Mkono wa Kiingereza wa karne ya 15 unapenda vitawi vyembamba vya wino vinavyotawanyika kama manyoya, ncha zake zimetiwa kijani hafifu na vitone vya dhahabu. Mkono wa Bruges unaelekea kwenye majani mapana yaliyojikunja, ya buluu na dhahabu, yakianzia pembeni mwa ukurasa. Na tazama majina ya watakatifu wa Kiingereza yalivyoandikwa: mnakili wa Flanders, eneo la Bruges, alikuwa hajawahi kuyasikia, akayaharibu. Pengine humponyoka hata mtakatifu wa kwao, kama Donatiani wa tarehe 14 Oktoba, msimamizi wa Bruges, akaingia kwenye kalenda ya Mwingereza asiye na habari naye.

Kabla ya kurudi kwenye kisu, inabidi kujua kilikuwa kinakata nini, maana ufutaji wa karatasi na wa ngozi ni vitu viwili. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi ililowekwa kwenye maji ya chokaa kwa siku kadhaa mpaka nywele zilegee, ikakwanguliwa, ikawambwa kwenye fremu kwa kamba, ikakwanguliwa tena ikiwa imekazwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga, ikaachwa ikauke hivyohivyo. Haikutiwa dawa ya kuifanya ngozi ya viatu. Ni mkazo wa kukauka ndio unaoifanya iwe nyororo na ngumu. Upande wa nywele hubaki na manjano kidogo na vitundu vidogo. Upande wa nyama ni mweupe zaidi. Ngozi ya kondoo ina kasoro yake: ina mafuta mengi kati ya tabaka, na ukiikwangua hubanduka kipande. Ndiyo maana mawakili wa Uingereza waliipenda kwa hati zao. Aliyejaribu kughushi alionekana.

Wino mweusi ulitokana na vinundu vinavyoota kwenye matawi ya mwaloni pale nyigu mdogo anapotaga yai. Vinundu hivyo vilipondwa, vikalowekwa kwenye maji au divai, ikaongezwa salfeti ya chuma, kisha gundi ya mgunga ili wino ushike na usitiririke. Gundi hiyo ilisafirishwa kutoka nchi za migunga upande wa Sudani na Uarabuni kupitia bandari za Misri. Wino huu hauketi juu tu. Unaiuma ngozi na kuingia ndani. Salfeti ikizidi, baada ya miaka mia kadhaa ngozi huwa kahawia pale palipo herufi, hata ikatoboka. Wino mwekundu ni tofauti kabisa. Ule wa thamani ni zebaki na salfa zilizopikwa pamoja. Ni unga uliogandishwa kwa gundi au ute wa yai, unaokaa juu ya ngozi kama rangi ya ukutani.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye ukurasa wako. Sikukuu ya Becket ilikuwa ya wino mwekundu, kwa hiyo kisu kikipita vizuri huondoka nayo yote, na kinachosalia ni chembe za waridi ndani ya vitundu vya ngozi. Jina la wino mweusi huacha doa lililoingia ndani, na chini ya mwanga wa urujuanimno doa hilo huonekana jeusi huku ngozi ikimeremeta buluu-nyeupe. Nyumbani huna taa hiyo, lakini una programu ya picha. Tenganisha rangi za picha na utazame safu ya buluu au ya kijani peke yake, kisha ongeza utofauti wa giza na nuru. Usitazame safu ya nyekundu, kwani humo wino mwekundu hutoweka kabisa na utadhani hapakuwa na kitu.

Sasa amri zenyewe. Henry VIII alijitenga na Papa mwaka 1534 na kujitangaza mkuu wa Kanisa la Uingereza. Juni 1535 aliagiza cheo cha Papa kifutwe katika vitabu vyote vya ibada. Tarehe 16 Novemba 1538 tangazo jingine likasema Becket hakuwa mtakatifu bali mwasi aliyempinga mfalme wake, na kwamba sikukuu zake zikome, picha zake ziondolewe, na jina lake lifutwe vitabuni. Kaburi lake la Canterbury lilikuwa limeshavunjwa miezi michache nyuma. Unaona kwa nini Becket na si Cuthbert au Swithun. Askofu aliyefia haki za Kanisa dhidi ya mfalme alikuwa kielelezo ambacho Henry hakuweza kukiacha kikasaliwa kila nyumba.

Lakini mfalme huyohuyo, mwaka 1539, alipitisha sheria iliyoshikilia fundisho la Misa na useja wa mapadre, na kuweka adhabu ya kifo kwa aliyelikana fundisho la ekaristi. Mtu aliweza kumkwangua Becket asubuhi na kwenda kwenye Misa ya Kilatini muda huohuo bila kuona mgongano wowote. Mageuzi ya Kiprotestanti yenyewe yalikuja chini ya mwanawe Edward VI, na sheria ya Bunge ya 1549–50 ikaamuru vitabu vya ibada ya kale viharibiwe kabisa. Aliyetaka kutii sheria hiyo hakukwangua jina. Alipaswa kukisalimisha kitabu chote. Kwa hiyo kitabu chako, kwa kuwa bado kipo, kina mtu aliyekihifadhi katika miaka ile. Hapo mizani inaelemea upande ulio kinyume na ulioudhania.

Henry mwenyewe aliwahi kutumia kitabu cha namna hii kwa jambo lisilo la sala. Kitabu cha Saa kilichotengenezwa Bruges karibu mwaka 1500, sasa King's MS 9 katika Maktaba ya Uingereza, kina ujumbe wa mapenzi kati yake na Anne Boleyn, aliyekuja kuwa mke wake wa pili. Yeye aliandika kwa Kifaransa chini ya picha ya Kristo mwenye majeraha, na Anne akajibu kwa Kiingereza chini ya picha ya Malaika akimpasha Maria habari. Chaguo la Anne la ukurasa, picha ya mwanamke anayeahidiwa mwana, halikuwa la bahati tu.

Namna ya kufuta ndiyo itakayokwambia zaidi. Kuna waliopitisha mstari mmoja mwembamba wa wino juu ya jina, mwembamba kiasi kwamba hata leo linasomeka lote. Amri imetekelezwa na jina limebaki. Kuna waliopaka maji na kusugua, wakaacha wingu la kijivu au la waridi. Kuna waliogundisha kipande cha karatasi juu ya sala nzima, kinachobanduka bila kudhuru kitu. Na kuna waliotumia kisu kwa hasira, mikwaruzo ikivuka hadi mistari ya jirani. Kuna vitabu ambamo jina limerudishwa kwa mwandiko mwingine, pengine siku za Malkia Mary, 1553 hadi 1558, Ukatoliki uliporudi. Usichanganye haya na masahihisho ya mnakili wa mwanzo. Yeye naye alikwangua makosa kwa kisu, lakini baada ya kukwangua alisugua ngozi mpaka ikalainika tena, kwa sababu wino husambaa kwenye ngozi iliyochubuka, halafu akaandika juu yake. Aliyefuta kwa amri aliacha pengo lenye manyoyamanyoya.

Usichanganye pia na uchakavu wa ibada. Watu walibusu picha, waligusa miguu ya Kristo na pindo la vazi la Maria, na rangi ikalika polepole, bila ukingo, pamoja na grisi ya vidole kwenye kona za chini za ukurasa. Kisu huacha mikwaruzo iliyo sambamba na ukingo mkali. Mtafiti Kathryn Rudy alitumia kifaa cha kupimia weusi kupima uchafu wa kurasa, ukurasa kwa ukurasa, na kuonyesha sala zipi zilifunguliwa mara nyingi na zipi hazikuguswa. Kwa macho tu unaweza kufanya toleo dogo la kazi hiyo darasani: wape wanafunzi kona za chini za kulia za kurasa 20 wapange kuanzia iliyo chafu zaidi, kisha wataje sala iliyomo. Hakikisheni tu kwamba picha zote ni za maktaba moja na zimepigwa kwa mwanga mmoja, na mziache kurasa za kwanza na za mwisho, kwa sababu hizo huchafuliwa na kila anayekifungua kitabu.

Mwenye kitabu, kama kuna bahati, atakuwa amejiandika. Kalenda ilitumika kama daftari la familia: kuzaliwa, kufa, ndoa. Katika kitabu cha Saa cha mfalme Richard III, kilichotengenezwa karibu 1420 na sasa kiko katika maktaba ya Lambeth Palace, London, kikiwa MS 474, mfalme aliandika kwa mkono wake kwenye tarehe 2 Oktoba kwamba siku hiyo alizaliwa Fotheringhay, mwaka 1452. Alikipata kitabu hicho kikiwa kimeshatumika. Baada ya kuuawa vitani Bosworth mwaka 1485, kikaenda kwa Margaret Beaufort, mama wa aliyemshinda, naye akaandika humo ombi la kuombewa. Vitabu hivi vilihama mikono bila kubadilishwa maneno. Hata jinsi ya mnunuzi huonekana. Tazama sala ya kumwomba Maria iitwayo *Obsecro te*: mwanamume anajiita *famulo tuo*, mwanamke *famule tue*, yaani mtumishi wako. Umbo la kike ni ushahidi mzuri, kwa maana liliagizwa. Umbo la kiume halithibitishi kitu, kwani ndilo lililoandikwa kwenye vitabu vya kuuza dukani. Na kama kuna mwaka umeandikwa kwa siku iliyo kati ya 1 Januari na 24 Machi, ongeza mwaka mmoja kabla ya kuulinganisha na kalenda yetu. Mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi mpaka 1752, kwa hiyo Februari 1470 yao ni Februari 1471 kwetu.

Basi rudi kwenye Desemba yako. Hakikisha mstari kwanza: herufi ya juma iwe *f*, tarehe ya Kirumi *iiii kl'* (siku ya 4 ukihesabu kurudi nyuma kuanzia 1 Januari yenyewe), juu yake watoto mashahidi wa Bethlehemu (28), Yohane (27) na Stefano (26), na mistari miwili chini yake Silvester (31). Usimwonee Thomas mwingine. Mtume Thomas yuko 21 Desemba na Thomas wa Hereford 2 Oktoba, nao hawakuhusika. Angalia kama neno *pape* (yaani Papa) la baada ya Silvester nalo limeguswa. Kisha fungua 7 Julai, herufi *f* tena, kwenye *Nonas* (jina la Kirumi la siku hiyo ya mwezi), sikukuu ya kuhamishwa kwa mabaki ya Becket mwaka 1220. Halafu litania, katika orodha ya mashahidi. Mwisho nenda mwishoni mwa Masifu ya Asubuhi, ambako vitabu vya Sarum huweka sala fupi za watakatifu mmoja mmoja. Ya Thomas huwa pamoja na za mashahidi Stefano na Laurenti, wakati mwingine na picha ya upanga kichwani pake.

Aliyekuwa na nia ya kweli ya kumwondoa amepita mahali pote 4. Ukikuta kalenda imekwanguliwa sana, mahali ambapo mkaguzi angefungua kwanza, na sala iliyo ndani ya kitabu haina hata mkwaruzo, pambizo yake ya chini ikiwa na weusi wa vidole, basi unajua aliyekishika kitabu alikuwa anasali nini.